Miwani Juu ya Paji

Siku ile mjinga alikuwa Kamardine. Tusizunguke kumtafuta mwingine. Hata leo ukipita Ambanoro, kisiwani Nosy Be kule Madagaska, ukamkuta na ufagio wake mkononi, ukamuuliza, atakujibu kabla hujamaliza swali: "Mjinga nilikuwa mimi." Atalisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekutajia jina la babake. Lakini usiharakishe kumsifu. Neno hilo fupi lilikaa kooni mwake mwezi mmoja na siku tatu, mpaka mkewe alipomwuliza swali moja, na wakati yeye analimeza na kulicheua, jicho la mkewe lilikuwa linaharibika polepole, kama tunda linalooza upande mmoja.

Kamardine alikuwa mtunza bustani wa nyumba za wageni zilizo juu kidogo ya kijiji: vibanda saba vya kuta nyeupe, na katikati yake uwanja mpana wenye mikungu minne. Mkungu ni mti mzuri kwa asiyeufagilia. Majani yake mapana kama sahani hugeuka mekundu, wageni huyapiga picha, kisha huanguka, na anayeyaokota si mgeni. Kwa miaka tisa uwanja ule ulifagiwa na watu watatu: Kamardine, mkewe Rahamatou, na jirani yao Koulsoum, kila mmoja na ufagio wake wa chelewa. Walianza alfajiri, na jua lilipofika juu ya vibanda uwanja ulikuwa na mistari safi kama nywele zilizochanwa.

Kisha ikaja mashine. Mwenye hoteli, mzungu anayeonekana mara mbili kwa mwaka, aliileta ndani ya sanduku: mashine ya umeme ya kupulizia majani, ya kijani, tumbo kama birika kubwa, bomba refu kama shingo ya bata bukini, na waya wa rangi ya chungwa wa kuzunguka uwanja mzima. Haikupita wiki mbili Koulsoum akaambiwa apumzike nyumbani, na pumziko lenyewe halikutajiwa mwisho. Rahamatou akahamishiwa kwenye kufua mashuka. Kamardine akabaki na uwanja peke yake, mfalme wa majani.

Msimamizi wa pale alikuwa Maoulida, mtu mfupi mwenye subira ya mwalimu wa chuo cha Kurani, na kama mwalimu huyo wote walimwita Fundi. Alimkalisha Kamardine barazani, akafungua kijitabu cha Kifaransa, akamsomea kwa Kisakalava, lugha ya pwani ile, kidole kikifuata picha moja baada ya nyingine.

"Miwani unavaa kabla hujachomeka waya."

"Kazi yenyewe naiona vizuri, Fundi. Ya nini tena?"

"Si ya kuona. Ni ya kukinga. Na viatu vya kufunika vidole, si kandambili."

"Vidole vyangu havikuajiriwa hapa."

"Nisikilize. Waya upitishe begani, ubaki nyuma yako, usiukanyage, usiuburute kwenye maji. Nyasi zikiwa na umande, unangoja zikauke. Mdomo wa bomba hauelekezwi kwa mtu, wala mbuzi, wala kuku. Bomba likiziba, unachomoa waya kwanza, ndipo unazibua. Na umeme ukikatika, unazima swichi."

Kamardine akacheka. "Hapo kitabu kimekosea. Umeme ukikatika si imeshazimika yenyewe?"

"Zima swichi."

"Nikizime kilichokufa?"

"Umeme wa hapa haufi," Maoulida akasema. "Unalala. Na ukiamka haubishi hodi."

Akamfanya arudie yote mara mbili. Kamardine akarudia kwa kuvuta sauti kama mtoto anayesoma juzuu, mpaka wafuaji kule nyuma wakacheka. Maoulida hakucheka. Alifunga kijitabu na kukitia mfukoni.

Tumpe haki yake: kazi aliijua upesi. Alingoja umande ukauke. Alianzia ukutani akija katikati, upepo wa baharini ukiwa mgongoni kwake, akiyasukuma majani mbele kama mtu anayeswaga kondoo. Waya ulikaa begani. Viatu alivaa, ingawa vilikuwa vya shemeji yake na vilimbana. Kitu kimoja tu kilimshinda. Ile miwani, kwa joto la Nosy Be, ilijaa ukungu kabla hajamaliza mkungu wa kwanza. Basi akaisukuma juu ya paji, ikakaa hapo kila siku, mawingu mawili ya kioo yakitazama mbinguni. Na sitakudanganya, aliipenda ikiwa pale. Wageni walimpungia mkono.

"Rubani," Koulsoum alimwita kutoka nyuma ya ua wake, mikono kiunoni, "ndege inaondoka saa ngapi?"

"Imejaa, jirani. Subiri ya kesho."

"Mimi yangu ilishaondoka. Ilikuwa na mpini wa mti."

Kamardine akawasha mashine isikike badala yake.

Nyumbani Rahamatou aliipa mashine jina: mke mwenza. Alimtazama mumewe akiifuta kwa kitambaa kila jioni, akikunja waya wake duara kwa duara. "Huyo ana bahati," alimwambia. "Mimi miaka ishirini na moja hujanifuta vumbi hata mara moja."

"Wewe huna vumbi, Mama Hayrat."

"Ninalo. Huna muda wa kulitafuta."

Hayrat ni binti yao wa pekee, ameolewa Ambanja. Nyumba ilikuwa ya watu wawili waliozoeana kutaniana, na mzaha ulikuwa ndiyo chumvi ya chakula chao. Ndiyo maana balaa nayo iliingia kwa mlango huohuo.

*

Ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi kulikuwa na harusi mjini Andoany. Rahamatou alikuwa amejipaka liwa tangu alfajiri, ile ya kusaga kigogo chake juu ya jiwe, ambayo wenyeji huiita masonjoany, uso mzima mpaka shingoni, ili siku ya harusi ngozi iwe laini. Liwa hupakwa mbichi, ikauka, ikakaza uso. Lakini yake ilikataa kukauka, maana alishinda kwenye mvuke wa masufuria ya kuchemshia mashuka. Kufika saa nne ilikuwa inamteleza kidevuni.

Saa hiyohiyo umeme ukakatika. Mashine ikanyamaza katikati ya uwanja. Kamardine hakugusa swichi. Alisimama kidogo akifurahia ukimya, kisha, kwa kuwa mikono haipendi kukaa bure, akaanza kuchokoa rundo la majani kwa mdomo wa bomba, akiyakusanya vizuri kama mtu anayechochea jiko. Vipande vya majani makavu na vijiti vyake vikaingia bombani. Hakuviona. Na angeviona, angefikiri nini? Mashine imekufa.

Rahamatou akapita na beseni la mashuka kichwani.

"Mke mwenzangu amezirai?"

"Amekasirika. Amekuona umejipamba."

"Nimejipamba nini. Haikauki, inanitiririka kama uji. Nitaenda harusini na madoa."

"Njoo nikukaushie."

"Kwa mashine iliyokufa?"

"Kwa pumzi yangu, basi. Mashine ni ya kuonyesha tu."

Akainua bomba mpaka kwenye uso wa mkewe, akajaza mashavu na kupuliza kwa mdomo wake, fuu, fuu, kama anayepoza chai. Rahamatou akacheka. Akashusha beseni, akashika magoti, akainama na kuchungulia ndani ya bomba kama mtu anayechungulia kisima.

"Mbona mna giza humu?"

Umeme ukarudi. Haukubisha hodi.

Rahamatou hakupiga kelele. Alikaa chini juu ya mashuka safi, viganja vyote viwili machoni, na liwa ikapita kati ya vidole vyake pamoja na maji mekundu kidogo. Mashine ikaanguka, ikaendelea kuvuma na kuzunguka chini kama nyoka aliyekatwa, mpaka Kamardine alipokumbuka kuchomoa waya. Alipiga magoti mbele yake. Miwani ilikuwa bado juu ya paji lake, mizima, safi, haina hata mkwaruzo.

*

Walipanda bajaji kwenda Andoany. Jicho la kulia lilifunguka baada ya kunawishwa, liliumia kidogo tu. La kushoto lilikuwa limefumba na linatoa machozi. Kamardine alikuwa ametoa humo kipande cha jani, kama kucha hivi, kwa ncha ya leso.

"Tukifika," alimwambia karibu na sikio, dereva asisikie, "tuseme liwa imeingia."

"Na jani?"

"Jani nimelitoa. Halipo tena. Na liwa si iliingia kweli? Hatusemi uongo."

"Baba Hayrat, kuna kitu kinachoma bado. Ndani."

"Wakijua nilikuelekezea bomba, Maoulida ananitoa leo. Alinirudisha mara mbili kwenye sharti hilo. Tutabaki na kufua peke yake? Na Koulsoum atacheka mpaka ajikojolee."

Bajaji ikapita mashimo matatu. Kila shimo Rahamatou alishika mkono wa mumewe, na kwenye la tatu akasema, "Haya. Liwa."

Muuguzi wa zahanati alikuwa kijana mwenye foleni ndefu. Alivuta kope kwa kidole gumba, akamulika tochi.

"Kimeingia nini?"

"Liwa," Kamardine akajibu.

"Liwa tu? Hakuna mchanga, kijiti, jani?"

"Liwa tu."

Muuguzi akaachia kope, akamgeukia Rahamatou kama mtu aliyekwisha kuona hayo mengi. "Mama, umri huu bado mnapaka mauchafu usoni. Mnasaga kwenye mawe ya barabarani, mnatia maji ya mtungi, halafu mnatuletea sisi macho. Urembo wa nini, unatafuta mchumba?"

Foleni ikacheka. Rahamatou akatazama sakafu kwa jicho moja. Na Kamardine, kwa sababu muuguzi alikuwa anamtazama yeye akingoja, akatikisa kichwa kukubali, kama mume aliyekwisha kuonya mara nyingi asisikilizwe.

Kati ya mambo yote ya siku ile, Rahamatou alikuja kusema baadaye, hilo la kutikisa kichwa ndilo lililomuuma kwa muda mrefu zaidi. Jani lilimuuma jicho tu.

Wakapewa chupa ndogo ya dawa ya matone, ya kuondoa wekundu na uvimbe. Na iliondoa. Siku ya pili jicho lilipungua ukali, Kamardine akasimama mlangoni na furaha ya mtu aliyeponea. "Umeona? Ni jambo dogo. Ningesema yale mengine tungekuwa tumepoteza kazi bure."

Jumamosi Rahamatou hakwenda harusini. Habari zilikwenda badala yake. Wanawake waliambiana kwamba Rahamatou kapofuka kwa liwa, na mama mmoja muuza liwa sokoni, aliyekuwa ameuza vigogo vyake miaka yote bila lawama, alirudi jioni na kapu limejaa kama alivyotoka nalo. Jumapili akapita Ambanoro mwenyewe, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Nimekuja kuuliza, mwanangu. Kigogo changu kilikuwa na nini?"

Rahamatou akafungua mdomo. Akamtazama mumewe. Kamardine alikuwa anakunja waya uliokwisha kukunjwa.

"Hakikuwa na kitu, mama," Rahamatou akasema. "Mkono wangu ndio ulioteleza."

"Basi waambie hivyo na watu," yule mama akasema, akaondoka taratibu.

Siku ya tano pakatokea doa jeupe kwenye mboni, dogo, kama tone la tui. Maumivu yakaanza kumwamsha. Koulsoum alileta mchuzi wa samaki, akaketi kitandani, akainua kitambaa cha jichoni akatazama, akakirudisha polepole. Kamardine alikuwa uwanjani, na mvumo wa mashine ulikuwa unafika mpaka pale kitandani.

"Da Rahamatou," Koulsoum akasema, "liwa haina sauti. Mimi siku ile nilikuwa uani kwangu. Nilisikia mashine ikiamka, halafu sikukusikia wewe."

"Acha, Koulsoum."

"Naacha. Mimi si wa kuja kucheka hapa, ingawa anayefikiri hivyo namjua." Akakoroga mchuzi. "Lakini nenda Mahajanga, kwa daktari wa macho. Na ukifika, usiende na uongo mkononi. Ni mzigo mbaya wa safari."

*

Walivuka kwa boti mpaka Ankify, wakaenda kwa barabara siku nzima na zaidi, Rahamatou akiwa amejifunika kichwa kizima, jua lisimguse. Sittina, dada yake mkubwa, aliwapokea Tanambao, mtaa wa Mahajanga, katika nyumba ya mabati yenye ua wa simenti. Akamtazama mdogo wake, akamtazama shemeji yake, akateka maji ya kuoga. Hakuuliza kitu siku hiyo. Watu wa Tanambao wa umri wake walijifunza zamani, wakati wa ghasia dhidi ya Wangazija mjini humo, kumpokea aliyefika na mzigo mdogo bila maswali.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mwenye nywele fupi na sauti ya chini. Alimweka Rahamatou kidevu juu ya chombo chake, akazima taa, akatazama kwa muda mrefu. Chumba kilikuwa na pazia tu badala ya mlango. Nyuma ya pazia watu kumi na tano walikuwa wamekaa kwenye mabenchi wakisubiri, na walikuwa kimya kwa namna ya watu wanaosikiliza.

"Ilianzaje?" daktari akauliza kwa Kimalagasi.

"Liwa iliingia," Kamardine akasema. Neno lilikwisha kulainika kwa kutumiwa.

"Liwa haifanyi hivi."

Kamardine akaishika chupa ya matone mfukoni.

"Hii ni kuvu. Ni ukungu, kama ule wa mkate uliolala. Huingia na kitu cha mmea: jani, mwiba, ganda la mpunga. Wakulima huniletea hivi wakati wa mavuno. Yeye ni mkulima?"

"Hapana."

"Basi naomba unieleze vizuri. Kama ni liwa, natafuta jambo jingine, na natumia siku mbili kulitafuta. Siku mbili hizo jicho hili halina."

Mtu angedhani hapo ndipo angesema. Lakini uongo wa siku nane ni kama mpangaji: amekwisha kupanga vyombo vyake, hatoki kwa kuambiwa mara moja. Kamardine alitazama pazia. Aliona miguu ya watu chini yake, kandambili na viatu, yote imetulia.

"Liwa," akasema tena, kwa sauti ndogo.

Rahamatou akainua kidevu kutoka kwenye chombo. Akageuka, jicho moja jekundu, moja limefunikwa na lile doa, akamwelekea mumewe.

"Daktari," akasema, "mume wangu ana jambo la kusema. Mimi nitangoja."

Na akangoja. Daktari naye akangoja, mikono mapajani. Kule nje mtu akakohoa. Kamardine akaanza kusema, akianzia mbali, kwenye umeme, kwenye joto la Nosy Be, kwenye ukungu wa miwani, na daktari akamrudisha kila mara kwa neno moja: "Halafu?" Halafu bomba. Halafu uso. Halafu jani, alilitoa kwa leso. Kwa nini bomba lilikuwa usoni? Kwa mzaha. Nyuma ya pazia mwanamke mmoja akasema kwa Kingazija, si kwa ukali, kama mtu anayejisemea: "Maskini, kumbe mzaha."

Daktari aliomba ile chupa ya matone. Akaisoma, akaiweka mezani mbali na mkono wake.

"Dawa hii ni nzuri," akasema. "Mtu aliyeingiwa na liwa angepona. Kwa jicho lenye jani ni mbolea. Inaondoa wekundu, unafurahi, na kuvu ndani inastawi. Aliyekupa alikuuliza kama kuna jani?"

"Aliuliza."

"Nawe ukasema?"

Kamardine akatazama mikono yake. Daktari hakurudia swali. Akaandika dawa nyingine, ya kutia kila saa, na karatasi ya kulazwa.

*

Kila saa ni neno rahisi kuandika. Sittina na Kamardine waligawana mchana na usiku kitandani pa Rahamatou, mmoja anatia tone, mwingine analala kwenye mkeka chini. Dawa ilikuwa ya kutafutwa mjini, duka hadi duka, na pete mbili za masikio za Rahamatou, za dhahabu, alizopewa na mamake, zilikwenda hukohuko. Alizivua mwenyewe na kumwekea dada yake kiganjani.

Siku moja Sittina alimkuta Kamardine kwenye bomba la maji la hospitali, anaosha chombo cha uji, muda mrefu kuliko kinavyohitaji.

"Shemeji, nilikuwa nasikia wewe ni mcheshi sana," akamwambia. "Mdogo wangu kila akija alikuwa anatusimulia vichekesho vyako mpaka mbavu zinauma. Hiki hakutusimulia."

"Sittina, nisamehe."

"Mimi sikuingiwa na jani."

Wiki tatu zikapita. Kuvu ikasimama, ikaacha kovu jeupe lililoziba mboni yote. Jicho lilibaki mahali pake, halikutolewa, na daktari akasema hilo nalo ni la kushukuru. Kwa jicho hilo Rahamatou angejua mchana na usiku, basi.

"Ni kama nini?" Kamardine alimwuliza siku ya kutoka.

"Kama shuka lililoanikwa mbele yangu," akasema. "Na upepo hauji."

*

Waliporudi Ambanoro waliukuta uwanja wa hoteli umefagiwa kwa mistari. Maoulida alikuwa ameifungia mashine ghalani siku ileile walipoondoka, na Koulsoum alikuwa ameitwa na ufagio wake.

Jioni ya pili, kabla ya magharibi, Maoulida akaja nyumbani. Alikuwa na kijitabu mfukoni na ile miwani mkononi, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Koulsoum alikuwa tayari yupo, ameleta ndizi. Rahamatou alikuwa ameketi kizingitini na ungo wa mchele, akitoa vijiwe kwa vidole, maana jicho la kulia lilikuwa linachoka upesi, na vidole vilikuwa vinajifunza.

Kamardine alimweleza Maoulida yote. Hakuficha bomba wala mzaha. Mtu aliyekwisha kusikiwa na benchi zima la Mahajanga hana cha kumficha msimamizi.

Maoulida akasikiliza mpaka mwisho. "Mwenye hoteli ameandika," akasema. "Anataka mashine itumike, hakuinunua ikae na panya. Mimi nimemjibu kwamba mtu anayeijua ni mmoja. Sijamwambia mengine. Niambie wewe: utaishika tena, au nimwambie hapana mtu?"

"Nitaishika," Kamardine akasema upesi. "Nitavaa miwani hata ikijaa maji. Naapa. Lakini Fundi, wewe ni mtu wa dini, tuseme haki. Hili lilikuwa kadari. Umeme ungechelewa dakika moja, tungekuwa tunacheka mpaka leo. Nani aliurudisha saa ile? Si mimi."

"Ni kweli si wewe," Maoulida akasema kwa upole.

"Jirani," Koulsoum akadakia, akimenya ndizi, "na swichi nayo ni kadari?"

"Wewe nyamaza. Umepata ufagio wako."

"Nimepata. Nilikuwa tayari kuungojea miaka kumi, si kuupata hivi." Akaweka ganda chini. "Usinipakie furaha ambayo sina."

"Nasema tu, mambo haya yameandikwa."

"Yaliandikwa," Maoulida akasema, na akagusa mfuko wenye kijitabu. "Nikakusomea."

"Mara mbili, najua, mara mbili. Kila mtu ananihesabia mara mbili." Kamardine akasimama, akaketi tena. Sauti yake ikapanda kisha ikavunjika. "Mwataka nifanye nini? Nijitoboe langu? Mtu hafanyi kusudi kumpofua mkewe. Nilikuwa nacheza naye, kama siku zote. Mungu anajua moyo wangu."

Hakuna aliyembishia hilo. Hata Koulsoum alitazama pembeni. Maoulida akaweka miwani juu ya mkeka, katikati yao, kama mtu anayeweka bakuli ambalo kila mmoja anaona haya kulianza.

Kamardine akamsogelea mkewe kizingitini. Akachuchumaa, akamshika mkono uliokuwa ndani ya mchele.

"Mama Hayrat, sikiliza. Yamepita. Kazi nitarudi, na wewe hutafua tena, utakaa. Popote unapotaka kwenda nitakushika mkono. Sokoni, harusini, kwa Hayrat. Lililo upande wa kushoto nitakuambia. Kuanzia leo mimi ndiye jicho lako."

Rahamatou alitoa mkono wake taratibu, akakung'uta punje za mchele zirudi ungoni. Alipapasa mkekani mpaka akaipata miwani, akaitoa kwenye mfuko, akaigeuza geuza karibu na jicho lake zima. Kioo kilikuwa safi bado. Katika miaka ishirini na moja hakuwahi kumwita mumewe kwa jina lake tupu mbele ya watu.

"Kamardine," akasema. "Siku ile ulikuwa na macho mawili ya Mungu, na mawili ya kioo juu ya paji. Manne hayo hayakuona swichi. Sasa unataka kuwa jicho la nani?"